Mama Spika Anapima Mtambo

Ukitaka kumjua Mama Spika, usiende nyumbani kwake. Nenda kwenye ukumbi wowote wenye mkutano, fika mapema kabla viti havijapangwa, utamkuta amesimama mbele ya maiki anamgombeza mume wake.

Najua unacheka. Subiri nikueleze. Yeye na mumewe, ambaye mji mzima tunamwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote bado wanajifunza, wanakodisha vyombo vya sauti. Wana spika mbili kubwa, mtambo wenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, maiki kadhaa, na nyaya ambazo Mama Spika huzikunja kwa mtindo wake mwenyewe. Ole wako uzikunje vingine! Mkutano wa wazazi, kikao cha ushirika, harusi, msiba, wao wapo, na hakuna anayewaona mpaka sauti ikatike.

Zamani walipima mtambo kama wapimavyo watu wote: moja, mbili, moja, mbili. Mpaka siku moja mheshimiwa mmoja aliyeanza hotuba yake kwa upole akapandwa na hasira katikati, na spika zikapiga mluzi uliowaliza watoto wachanga. Fundi alirudi nyumbani kanuna. Alikaa, akafikiri, akapata jibu: mtu anayehesabu sauti yake haipandi wala haishuki. Mtambo unataka mtu anayeongea kwa moyo, anayenung'unika, anayecheka, anayepaza.

"Mama watoto," alisema, "kuanzia leo usinihesabie. Ukisimama kwenye maiki, niambie mambo ya nyumbani."

"Yote?"

"Yote."

Maskini, hakujua alichojitakia. Maana wakati wa kupima, Fundi husimama nyuma kabisa ya ukumbi ili asikie kama sauti inafika, na kutoka kule hana namna ya kujibu ila kwa mikono. Kidole gumba juu: sauti safi. Kiganja chini: punguza. Mkono sikioni: sogea karibu na maiki. Hayo ndiyo majibu yake yote.

"Bati la jikoni linavuja tangu mvua za mwaka juzi," Mama Spika atasema, na ukumbi mtupu utaitika. "Uliniambia wiki ijayo. Wiki gani hiyo isiyofika?"

Fundi anainua kidole gumba.

"Usinioneshe kidole, nioneshe ngazi!"

Fundi anashusha kiganja. Punguza.

Basi ndivyo walivyoishi miaka yote, na mimi niliyewahi kuwasaidia kupanga viti nakuhakikishia kwamba sijaona ndoa iliyosikilizana kama ile. Ya kwake yote mama aliyatoa, na mwanamume hakupata hata nafasi ya kumkatiza.

Wana watoto watatu. Wakubwa wawili walishajitegemea. Wa tatu ni binti, Kitindamimba, na huyo ndiye aliyekuwa na mikono ya baba yake. Kabla hajajua kusoma vizuri alikuwa analehemu nyaya zilizokatika, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na ukiitazama kazi yake huoni palipoungwa. Fundi alidhani amepata mrithi. Lakini binti alipomaliza sekondari akasema anachotaka ni kutengeneza meno ya bandia.

"Meno?" baba yake akauliza, akijigusa pengo lake la mbele bila kujua.

"Meno, baba. Ni kazi ndogondogo ya mikono, kama nyaya. Tofauti ni kwamba mtu anatoka anacheka."

Chuo cha afya cha mji wetu kilikuwa na kozi hiyo. Akaomba, akapata. Nyumba ikafurahi kwa jioni moja nzima. Asubuhi yake wakasoma masharti vizuri: kuanzia mwaka ule, ada ya mwaka mzima ilipwe yote kabla ya kusajiliwa, na dirisha la usajili linafungwa Ijumaa. Walichokuwa nacho hakikufika nusu.

Sasa hapo ndipo mambo yalipochemka, maana watu hao watatu walianza kudanganyana kwa mapenzi. Fundi, bila kumwambia mtu, alikwenda kwa mwenye ukumbi wa sherehe wa pale barabara kuu, akapatana naye kumuuzia mtambo na spika. Binti, bila kuambiwa, alimwona mnunuzi amekuja kuvikagua vyombo, akaelewa. Akawaambia wazazi wake kwamba amebadili mawazo, meno yanamchosha, ataomba kazi dukani na chuo atakiona mwaka mwingine. Alilisema hilo huku anatabasamu. Na Mama Spika, ambaye hakuambiwa chochote na yeyote, alikuwa anajua yote. Alikuwa anangoja maiki.

Maiki ikaja Jumatano. Bodi ya chuo ilikuwa imeitisha mkutano wa wananchi kusikiliza maoni juu ya sharti lile jipya la ada, kisha ikae na kuamua siku ileile kama liendelee au lifutwe. Mji mzima ulikuwa umegawanyika. Kinyozi alikuwa anagombana na wateja huku wembe ukiwa shingoni mwao. Kwa hiyo ilitarajiwa watu watajaa na kufurika, na Fundi akaamua kutundika spika ya tatu nje, ile ya zamani yenye mdomo mpana kama tarumbeta, ili watakaokosa viti wasikie kutoka uani. Binti akapanda ngazi akaitundika juu ya mlango.

Wakati wa kupima, kawaida Fundi huifunga kwanza ile ya nje. Siku hiyo hakuifunga. Mtu aliyepanga kuuza vyombo vyake vya kazi jioni ana haki ya kusahau kitufe kimoja.

Mimi nilikuwa uani, nimeegemea ukuta, pamoja na watu wengi waliowahi mapema. Mwenyekiti wa bodi alikuwa pale karibu yangu na kikombe cha chai, anazungumza na mhasibu wa chuo, mama mmoja mwembamba wa miwani. Mara tarumbeta ikakohoa, na sauti ya Mama Spika ikatushukia kutoka juu.

"Baba watoto, tuanze na jino lako. Una pengo hilo tangu harusi ya dada yako, na ukicheka unaziba mdomo kama bibi harusi. Nilidhani mwaka huu tumepata mtu wa kulitengeneza. Kumbe mnunuzi anakuja jioni."

Uani watu wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, mwenziwe akamfinya.

"Ndiyo, najua. Usininyooshee kiganja, sipunguzi. Mnunuzi anakuja na gari, anachukua mtambo, anachukua spika, unalipa ada ya mwaka wa kwanza. Vizuri sana. Mwaka wa pili tutalipa nini? Tutakodisha nini, sufuria zangu? Na huyo mtoto wako anajitia kwamba hataki tena chuo. Nimemkuta chumbani anaangalia picha ya taya kwenye kitabu, anaisugua kwa kidole. Mtu aliyechoka meno hafanyi hivyo, baba watoto. Mimi simtaki dukani. Wala simtaki asomee kwa mtambo wako halafu akae darasani anawaza baba yake anakula nini. Ningekuwa na mtu wa kumwomba, ningemwomba kitu kimoja tu: atuache tulipe kila tunapopata. Hatuombi bure. Tunaomba muda. Haya, maiki ya pili."

Pale nje hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mwenyekiti alikuwa ameshika kikombe katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Kitindamimba, aliyekuwa bado juu ya ngazi, sikio lake likiwa karibu na tarumbeta kuliko sikio la mtu yeyote, alishuka mbiombio, akakimbilia ndani. Mimi nikamfuata hadi mlangoni.

"Mama! Nje kunasikika!"

"Kunasikika nini?"

"Yote."

"Yote tangu wapi?"

"Tangu jino la baba."

Mama Spika akaitazama ile maiki kama mtu aliyegundua ameshika nyoka. Fundi kule nyuma alikuwa ameweka mikono yote miwili kichwani, ishara ambayo haikuwa kwenye orodha yao. Kisha binti akamkumbatia mama yake, na kwa kuwa maiki bado ilikuwa hai, sisi wa uani tulisikia pia kwikwi mbili tatu kabla Fundi hajapata akili ya kuzima.

Mkutano ukaanza. Mama Spika alikaa kwenye kiti chake cha pembeni, kitambaa amekivuta hadi kwenye nyusi, anatamani sakafu immeze.

Mhasibu alizungumza kwanza, na nitakuwa sitendi haki nikikwambia alikuwa mtu mbaya. "Mwaka juzi tuliruhusu watu walipe kidogokidogo," alisema. "Walioanza walijaza darasa. Waliomaliza kulipa wangeenea kwenye benchi moja. Walimu walikaa bila mshahara. Plasta na nta za kufundishia kuunda meno tulichukua kwa mkopo, mpaka mwenye duka akawa ananikwepa mimi, badala ya mimi kumkwepa yeye. Hatukuweka sharti hili kwa roho mbaya. Tuliogopa kufunga."

Akasimama kijana mmoja aliyewahi kuacha chuo kwa kukosa ada. Huyo alizungumza kwa moto, na vitufe vya Fundi vilipata kazi. Elimu iwe bure kabisa, alisema. Nchi inayouza masomo inauza madaktari wake. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Na nani alipe?" mtu akapaza sauti.

"Serikali!"

"Serikali ndiyo nani?"

Watu wengi wakageuka kumtazama fundi bomba, pandikizi la mtu lililokaa mstari wa mbele, kwa sababu anajulikana kwa kulalamikia kodi.

"Msinitazame mimi!" fundi bomba akasema, akasimama akaichukua maiki. "Mimi sina mtoto chuoni. Kodi yangu ikamsomeshe mtoto wa mwenzangu, akimaliza anitoze kwa kunifumbua mdomo tu? Kila mtu abebe mzigo wake. Mimi nilijifunza kazi kwa kulowana."

Kicheko, makofi, miguno. Mwingine akataka mikopo ya serikali, mwingine akasema mikopo itawatia vijana kitanzi kabla hawajaanza maisha. Wakavutana hivyo muda mrefu, kila mmoja ana ukweli wake kidogo mkononi, mpaka mwenyekiti akagonga meza.

"Kuna mtu ambaye tayari tumemsikia," alisema, "ila yeye hakujua tunamsikia. Mama wa mtambo, tafadhali. Sema tena, sasa ukijua tupo."

Mama Spika akatikisa kichwa. Majirani wakamsukuma. Akafika kwenye maiki, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mwanamke ambaye sauti yake imepita katika kila ukumbi wa mji huu alikuwa hajawahi kuongea mbele ya kiti chenye mtu.

Akainua macho hadi nyuma kabisa. Fundi alikuwa amesimama pale pale anaposimama siku zote. Akaweka mkono sikioni. Sogea karibu.

Akasogea.

"Baba watoto," alianza, na watu wakacheka kwa upole, "waambie mimi mambo ya nchi siyajui. Najua ya kwetu. Pesa yetu inakuja mkutano kwa mkutano. Mwezi mwingine unajaa, mwezi mwingine tunakunja nyaya tu. Mkiitaka ya mwaka mzima kwa siku moja, mnataka tuuze kinachotuletea. Basi. Sina zaidi."

Mhasibu akavuta maiki ya mezani. "Mama, na miezi ambayo hakuna mikutano?"

"Tutachelewa."

"Utachelewa?"

"Siwezi kukudanganya, mama mhasibu. Tutachelewa, na nitakuja mwenyewe kukuambia tumechelewa."

Mhasibu akavua miwani, akaifuta. "Walionitoroka mwaka juzi," alisema polepole, "wote waliniambia hawatachelewa hata siku moja. Mimi kuchelewa naweza kuishi nako. Kilichonimaliza ni kutojua niwatafute wapi. Simu zimezimwa, nyumba zimehamwa. Kama kila mmoja angekuwa na mtu wa hapa hapa mjini wa kumdhamini, mtu ninayeweza kwenda kumgongea mlango, labda ningekuwa na msimamo mwingine."

Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Kudhamini mtoto wa mtu si jambo la kupiga makofi.

Fundi bomba akasimama. Alikuwa kama mtu aliyekasirishwa na miguu yake mwenyewe.

"Nimesema kila mtu abebe mzigo wake, na sijabadili," alinguruma. "Kodi yangu bado naitetea. Lakini huyu mama mimi nimemfungia bomba. Akisema atalipa Ijumaa, Ijumaa analeta, au anakuja kukuambia kwa nini hakuleta, na anakueleza kwa kirefu mpaka unatamani usingemdai. Mwandikeni. Mimi nasimama."

"Unasimamia ada ya chuo, shemeji?" Mama Spika akauliza, bado kwenye maiki.

"Nasimama, shemeji. Na binti akimaliza, jino la kwanza ni la mumeo, la pili ni langu. Bei ya jirani!"

Ukumbi ukapasuka. Lakini kilichofuata ndicho ninachokikumbuka zaidi: watu wengine wakaanza kusimama. Mwenye duka la dawa alimsimamia mtoto wa dobi. Mwalimu mstaafu akasimama kwa vijana wawili aliowahi kuwafundisha. Si wote waliopata wadhamini, nisitie chumvi. Yule kijana wa moto alikaa mikono kifuani, anatikisa kichwa.

Bodi ikaingia chumba cha pembeni. Ilikaa humo mpaka chai ya pili ikapoa. Ilipotoka, mwenyekiti alisema hivi: mwaka huu walipe kwa mwezi, kila mwanafunzi na mdhamini wake; atakayepitisha miezi miwili bila kulipa wala kuja kuzungumza atarudishwa nyumbani; na mwisho wa mwaka wakae tena waone kama chuo kimesimama au kimeyumba. Mtu asiye na mdhamini, mhasibu atamsikiliza ana kwa ana.

"Na ada yenyewe?" yule kijana akauliza kwa sauti. "Imepungua kiasi gani?"

"Haijapungua."

"Basi bado tuna maneno."

"Tunayo," mwenyekiti akakubali. "Njoo uyalete. Tena njoo na wenzako."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyeshinda kabisa.

Watu walikuwa wanatawanyika pale gari la mwenye ukumbi wa sherehe lilipoingia uani kinyumenyume, vijana wawili nyuma wako tayari kupakia. Fundi akaenda kumkabili, shingo imeingia mabegani.

"Ndugu yangu," alisema, "samahani sana. Hatuuzi."

"Hamuuzi? Tulikubaliana! Nimekodi gari!"

Mama Spika akatokea na mzigo wa nyaya begani. "Umekodi gari? Mungu akubariki. Sisi tulikuwa tunawaza tutavirudishaje nyumbani. Wekeni spika hapo, wanangu, taratibu, hiyo ya kushoto ni mgonjwa."

Mwenye ukumbi alimtazama, akamtazama mumewe, akatafuta hasira yake, haikuwa pale alipoiacha. "Mzee," alimwambia Fundi, "unaishije na huyu?"

Fundi akacheka, na kwa mara ya kwanza nikaliona pengo lake lote. Alikuwa amesahau kuziba mdomo.

Ijumaa binti alisajiliwa. Miezi ya mwanzo walilipa kwa wakati. Wa nne ukawa mkavu, na Mama Spika akafunga kitambaa chake kizuri akaenda mwenyewe ofisini kwa mhasibu, akaeleza. Alikaa huko mpaka wafanyakazi wengine wakadhani ni mjumbe wa bodi. Wa tano walileta miwili kwa pamoja. Fundi bomba hakugongewa mlango, ingawa huulizia maendeleo ya masomo kila anapokutana na mtu wa nyumba ile, kama mwenye hisa.

Juzi nilipita kwao asubuhi. Mama Spika alikuwa ameinama juu ya beseni la nguo, anazungumza peke yake kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi.

"Kuna nini, mama?"

"Njoo uone mwenyewe! Nimenunua mche mzima wa sabuni jana. Huko chuoni wanafundishwa kuchonga, kabla hawajaruhusiwa kugusa nta. Basi Kitindamimba wangu kakesha. Tazama!"

Akafungua kiganja. Lilikuwa gego, la ukubwa wa ngumi ya mtoto, lenye vilima vyake na mabonde yake na mizizi miwili, limechongwa kwa sabuni ya kufulia mpaka ungedhani lina maumivu. Dirishani kulikuwa na mengine sita yamepangwa mstari, madogo kwa makubwa, yanakauka.

"Zuri," nikasema.

"Zuri ndiyo. Sasa mimi nafulia nini?"

Alilitazama kidogo, akaligeuza upande wa mizizi. Nilidhani atalitia majini. Akalifuta kwa pindo la kanga, akalirudisha dirishani mahali pake, kisha akanituma dukani.